UZI: Fesimaski kwenye futiboli ya vyuo Marekani, yadi 15 kwa kila kosa ni haki au sheria ibadilishwe?

mzaziwaColumbus

Wakuu salaam. Najua humu wengi wetu ni watu wa mpira wa miguu lakini sisi tuliopo huku Marekani Jumamosi za kuanzia Septemba hatuna ujanja, nyumba nzima inakaa kwenye futiboli ya vyuo toka saa 6 mchana mpaka watoto wanalala, na mimi niko Columbus ndiyo kabisa, siku Ohio State wakiwa nyumbani ukitaka kwenda hata dukani ujipange.

Nina jambo linanikereketa muda mrefu nataka tulijadili vizuri, ni hii adhabu ya fesimaski. Kwa wasiofuatilia, helmeti ya futiboli mbele ina vile vyuma vya kulinda uso, sasa mchezaji akivishika na kuvuta au kusokota ni kosa, timu inarudishwa yadi 15, na kama aliyefanya ni upande wa ulinzi basi wapinzani wanapewa na daun ya kwanza hapo hapo, yaani wanaanza upya nafasi zao nne za kutafuta yadi 10.

Zamani vyuoni kulikuwa na ngazi mbili. Ukishika kwa bahati mbaya ukaachia, yadi 5. Ukishika ukavuta kichwa cha mtu, yadi 15. Mwaka 2008 wakaifuta ile ya yadi 5 (NFL, ligi ya kulipwa, nao waliifuta mwaka huo huo), kwa hiyo toka hapo sheria inasema kushika tu bila kuvuta wala kugeuza siyo kosa, na ukivuta ni 15, hakuna cha katikati. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani ndiyo shida, kwa sababu sheria hiyo hiyo inamwambia refa ukiwa na mashaka hesabu ni kosa. Sasa refa anaona mkono uko usoni, kichwa kimecheza kidogo, ana mashaka, anatupa kibendera cha kosa, na kazi nzima ya ulinzi imekufa kwa kidole kilichonasa sekunde moja.

Nimelionaje kwa karibu. Mwanangu anacheza lainibeka (mlinzi wa katikati) shule ya sekondari hapa Ohio. Mechi moja msimu uliopita, daun ya tatu (nafasi ya tatu kati ya nne) na zimebaki yadi 12, mkimbiaji wao kapita katikati, kijana wangu kaenda kumkamata kifuani, jezi ikamteleza, vidole viwili vikaingia kwenye vyuma, akaachia papo hapo. Nilikuwa nimekaa chini kabisa karibu na uzio niliona kila kitu. Kibendera kikarushwa. Sasa sekondari za hapa Ohio zinafuata kitabu cha shirikisho la sekondari la taifa ambacho bado kina ngazi mbili, kwa hiyo refa alifanya ile ishara ya kushika hewa mbele ya uso na kuvuta chini, basi, hakuongeza ishara ya kosa la hatari, yadi 5. Mkimbiaji alikuwa kapata yadi 4, wakaongezewa 5, daun ya tatu ikarudiwa, zimebaki yadi 3. Na vijana wetu walizuia. Jioni mtoto anakula wali kidole cha pete kimevimba kama mhogo ananiambia baba mimi nilikuwa natafuta jezi.

Wiki hiyo hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu yuko Houston, kafanya kosa la aina ile ile, dada kanitumia video, vidole vimeingia na kutoka. Texas sekondari zao zinachezea sheria za vyuo. Yadi 15 na daun ya kwanza, na wale wakaenda wakafunga tachidauni. Kosa moja, watoto wawili wa ukoo mmoja, huku 5 huku 15.

Mimi nasema vyuo virudishe ile ya yadi 5, halafu ile ya kusokota shingo makusudi mtu atolewe nje kabisa kama wanavyofanya kwenye tageting, lile kosa la kumgonga mtu kwa kulenga kichwa. Karibuni tujadili.

raga15

Mkuu asante kwa uzi, mimi niko Nairobi natazama hizi mechi usiku wa manane kwa sababu ya ndugu yangu anasoma huko. Swali la mgeni, kwani hicho chuma kiliwekwa lini, maana naona kama wamewapa watu mpini halafu wanawaadhibu kwa kuushika?

Kipenga_Zamani

@raga15 hilo neno mpini ndilo lenyewe kabisa. Helmeti za mwanzo zilikuwa za ngozi, uso wazi, watu wanang'oka meno na kuvunjika pua. Hadithi inayojulikana zaidi ni ya Otto Graham, kwotabeki (mrusha pasi) wa Cleveland Browns, mwaka 1953 alipigwa kiwiko mdomoni kwenye mechi na San Francisco akashonwa nyuzi, kocha wake Paul Brown akamfungia kipande cha plastiki ngumu mbele ya helmeti akarudi uwanjani. Baada ya hapo vyuma vikaanza kuenea, na havijakaa hata miaka mitatu watu wameshajua kuvitumia kumwangusha mtu, mwaka 1956 NFL ikabidi ipige marufuku kuvishika. Ila angalia, walimwacha mkimbiaji mwenye mpira, yeye ulikuwa unaruhusiwa kumshika vyuma mpaka mwaka 1962! Yaani aliyekuwa hatarini kuliko wote ndiye alilindwa mwisho.

Najitambulisha, nimechezesha mechi za sekondari Minnesota misimu kumi na moja kabla goti halijagoma. Mzazi wa Columbus nakuheshimu ndugu yangu ila hapa napingana na wewe, na nitarudi nieleze nikitoka shifti.

mlinzi_wa_pembeni

Shkamooni wakubwa. Mimi nacheza kona, yaani mlinzi wa pembeni, chuo kidogo cha divisheni ya tatu, hatuna skolashipu za michezo tunacheza kwa mapenzi. Nataka niseme kitu cha ndani ya uwanja. Unapomkimbilia mtu anayekwepa, macho yako yako kiunoni kwake kwa sababu kiuno hakidanganyi, mkono wewe huuoni uko wapi. Anainama ghafla, kichwa chake kinakuja pale ambapo bega lilikuwa. Mkono unakuta vyuma. Na ukishakuta vyuma na yeye anaendelea kukimbia, hata usipovuta wewe, YEYE anavuta, kasi yake ndiyo inageuza kichwa. Refa anaona kichwa kimegeuka. Ni 15.

Mimi zimenikuta mara mbili na zote mbili sikuwa na nia yoyote, ila sitasema nimeonewa kwa sababu ile ya pili yule kijana alilala chini akishika shingo na mimi nilipiga goti pale pembeni tumbo linanicheza. Alisimama mwenyewe alhamdulillah. Toka siku ile nikishika chuma naachia hata kama mtu anaenda kufunga. Kwa hiyo sijui niseme niko upande gani.

dadaMuuguzi

Naomba niingie hapo kwa mlinzi_wa_pembeni maana mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodi ya mifupa na mishipa huku Dallas, na hii mada watu wanaiongea kama hesabu ya yadi wakati ni shingo ya mtu.

Jamani shingo ina pingili saba tu na uti wa mgongo unapita ndani yake. Misuli ya shingo inakuokoa ukijua pigo linakuja, unakaza. Kwenye fesimaski mtu hajui, anaangalia mbele, anavutwa kutoka pembeni au nyuma. Na vile vyuma vimekaa mbele ya uso, mbali na pale kichwa kinapozungukia, kwa hiyo nguvu ndogo ya vidole inakuwa mzunguko mkubwa shingoni, ni kama kufungua boliti kwa spana ndefu, unajua tofauti ya spana ndefu na fupi. Hapo mwili mzima wa kilo 90 unaenda mbele na kichwa kinabaki nyuma. Shingo haiulizi kama ulikusudia.

Mwaka 1976 vyuo na sekondari walipiga marufuku kugonga kwa kutanguliza kichwa na majeraha ya kupooza yalishuka sana baada ya pale, hilo halina ubishi, madaktari waliliandika. Yalishuka kwa sababu sheria ilikuwa kali na makocha wakabadilisha wanavyofundisha. Ukirudisha yadi 5 unamwambia kocha kwamba kuna fesimaski ndogo. Hakuna fesimaski ndogo.

mzaziwaColumbus

Dada nimekusoma na mfano wa spana umenikaa. Ila sheria ya sasa yenyewe inasema kushika bila kuvuta SIYO KOSA kabisa, yadi sifuri. Kwa hiyo hao unaosema wamekaza walilegeza pia, zamani ukigusa ukashika ulikuwa unalipa 5, leo refa akiwa mwaminifu kwa kitabu unalipa sifuri. Mimi nadhani 5 kwa kila kushika ingefanya vijana waogope vyuma zaidi, siyo chini.

Kipenga_Zamani

Nimerudi. Ngoja niwaeleze refa anaona nini maana huku kwenye sofa kuna kamera kumi na mbili.

Sisi tunafundishwa tuangalie kichwa, vidole hatuvioni. Mtu yuko yadi 15 mbele yako, kuna miili minne katikati, glavu za siku hizi zina rangi sawa na jezi, kidole kiko ndani ya vyuma au kiko juu ya jezi hapo kooni huwezi kujua. Kichwa kikigeuka upande ambao mwili haujageukia, hiyo ndiyo fesimaski. Sasa nikiwa na ngazi mbili nalazimika kuamua vitu viwili, kwanza ameshika, pili ameshika KIASI GANI. Na kule sekondari nilikotumia ngazi mbili nawaambia ukweli wangu, tulikuwa tunaitumia ile ya 5 kama kichaka. Kitu ni 15 halali lakini kocha anapiga kelele, ni mtoto wa miaka 16, ni robo ya nne, unafanya ishara ndogo unatembea yadi 5 maisha yaendelee. Nimefanya hivyo na sijivunii. Mwaka mmoja nilimpa mtoto 5 kwa kitu kilichostahili 15, na mechi hiyo hiyo dakika kumi baadaye akamfanyia mwingine vile vile na huyo mwingine hakurudi uwanjani.

Ndiyo maana naunga mkono waliyoyafanya 2008. Mwaka ule ule waliifanya na horse-collar kuwa kosa vyuoni, ile ya kumdaka mtu kola ya mabega kwa nyuma na kumlaza. Walikuwa wanaangalia aina nzima ya kukamata watu kwa vitu ambavyo si mwili.

MtuWaBukavu

Ndugu zangu mimi niko Iowa, tulifikaka huku toka Bukavu na batoto wadogo, leo wawili banacheza hii futiboli. Mie mwanzo nilikuwaka naogopa kabisa, naona kama vita. Nataka kuuliza tu, hivi ile helmeti ikitoka kichwani kwa sababu ya kuvutwa, mtoto anatolewa inje ama anabaki? Mara moja wangu alitolewa na helmeti haikutoka kwa kosa lake, njo nilikasirika sana.

Kipenga_Zamani

@MtuWaBukavu swali zuri sana mzee wangu. Kitabu cha vyuo toka 2012 kinasema helmeti ikitoka wakati mchezo unaendelea, mchezaji huyo anakaa nje mchezo mmoja. Isipokuwa kama imetoka kwa sababu ya kosa la mpinzani kama fesimaski, hapo anabaki. Kwa hiyo kama refa hakuona fesimaski mtoto anaumia mara mbili, kavutwa na bado katolewa. Na helmeti ikishatoka asiendelee kukaba wala kukimbia, ni kosa lake hilo, mfundishe asimame pale pale. Kwa sekondari ya kwenu nakushauri umuulize kocha moja kwa moja.

dadaMuuguzi

Na mzee wa Bukavu hakikisha ile mikanda ya kidevu yote minne imefungwa na imekaza, watoto wanapenda kulegeza ya chini wapumue. 

raga15

Sasa naomba nilete ya kwetu, maana huku Kenya raga ndiyo tunaijua. Sisi kukamata juu ya mabega ni kosa na refa ana ngazi, penalti tu, njano, nyekundu, kutegemea hatari. Shida ilikuwa ile ile anayosema Kipenga_Zamani, refa kuamua kiasi gani ndani ya sekunde tatu watu elfu hamsini wanapiga mayowe. Wakatengeneza kitu kinaitwa banka, kwenye Kombe la Dunia la 2023 Ufaransa kilitumika. Refa akiona kosa limefika njano anatoa njano, mtu anakaa nje dakika 10, mechi INAENDELEA, huku kuna mwamuzi mwingine kwenye skrini ana dakika 8 anatazama kwa utulivu kama inapanda kuwa nyekundu. Hakuna kusimamisha uwanja mzima.

Kwa nini vyuo vya Marekani wasifanye hivyo? Kibendera uwanjani ni 15, kila mtu anaendelea, na juu mtu anaangalia kama ilikuwa ya kusokota shingo makusudi, akiona hivyo kijana anaambiwa toka.

mlinzi_wa_pembeni

Hii imenigusa. Kwa sababu kutolewa tayari kipo kwenye kitabu, kosa la fesimaski likiwa la kikatili mtu anaweza kufukuzwa, ila mimi misimu yangu yote sijawahi kuona kikitumika kwa fesimaski. Refa hathubutu. Na makosa ya kugusana kama haya hayahesabiwi kwenye ile ya utovu wa nidhamu mara mbili unatoka, kwa hiyo mtu anaweza kufanya fesimaski tatu mechi moja akamaliza mechi.

mzaziwaColumbus

@raga15 umenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Ngoja tuangalie kwa mifano maana wakubwa zetu NFL wameshapitia yote mawili, la kutoa kibendera pasipo kosa na la kukosa kutoa penye kosa.

La kwanza ni Desemba 3, 2015, Detroit Lions na Green Bay Packers. Lions wanaongoza 23-21, muda umekwisha, Packers wamepasiana pasiana mpira, kwotabeki wao Aaron Rodgers anaangushwa, mechi imeisha watu wanashangilia, kibendera! Fesimaski ya Devin Taylor wa Lions. Kwa kuwa mechi haiwezi kuisha kwa kosa la ulinzi, wakapewa mchezo mmoja bila saa, yadi 15 mbele, na Aaron Rodgers akarusha pasi ya yadi 61, mwenzake Richard Rodgers akadaka, 27-23. Ukitazama marudio mkono umepita kwenye vyuma kidogo sana, kichwa kimegeuka kwa sababu ya bega. Refa aliona kichwa kimegeuka kama alivyotueleza Kipenga. Bila zile yadi 15 mpira ule haufiki.

La pili ni Oktoba 2024, Rams na Vikings. Vikings wako nyuma 28-20, wamebanwa kwenye mstari wao wenyewe, kwotabeki wao Sam Darnold anadakwa na Byron Young wa Rams kwenye vyuma kabisa, kichwa kinazungushwa dunia nzima inaona, anaangushwa ndani ya endizoni (eneo la mwisho la timu yake), hiyo ni sefti, pointi 2 kwa Rams, 30-20, mechi imekwisha. Hakuna kibendera. Refa alieleza baadaye kwamba kwotabeki alikuwa ameelekea upande mwingine hakumwona vizuri.

Sasa 2025 NFL wakaruhusu watu wa marudio ya video kumsaidia refa kwenye fesimaski. Lakini sikilizeni walivyofanya, wanaruhusiwa KUOKOTA kibendera kilichorushwa kimakosa tu. Hawaruhusiwi kurusha kipya. Kwa hiyo ile ya Taylor ingeokotwa, na ile ya Darnold ingebaki vile vile. Yaani wamemlinda aliyeadhibiwa, aliyesokotwa shingo hawajamlinda. Vyuo wakiiga hilo jinsi lilivyo nitasikitika sana.

Kipenga_Zamani

Hapo tuko pamoja kabisa. Na vyuo wana mfano wao wenyewe bora kuliko wa NFL. Tageting toka 2013 ni yadi 15 na kutolewa, na toka 2016 chumba cha marudio kinaweza kuianzisha chenyewe hata kama uwanjani hakuna aliyerusha kibendera, kama ni ya wazi. Na 2019 wakaongeza kwamba marudio lazima yathibitishe kila kipengele, kikikosekana kimoja hakuna tageting. Mlango upo tayari, ni kuongeza neno fesimaski pale.

Ila kuna hofu moja ya kweli na siyo ndogo. Mechi za vyuo ni ndefu, mwaka 2023 wakaacha saa iendelee kukimbia baada ya daun ya kwanza isipokuwa dakika mbili za mwisho wa kila nusu, kusudi tu wapunguze urefu. Ukimwambia mtu wa marudio atafute fesimaski, ataipata kila mchezo kwenye safu ya mbele, wale wanene wanashikana nyuso toka filimbi ya kwanza. Utasimamisha mechi mara sitini.

raga15

Ndiyo maana nikasema banka, haisimamishi. Na muiwekee mpaka, mwenye mpira na anayerusha tu, wale wengine refa wa uwanjani anatosha.

dadaMuuguzi

Naomba mniruhusu nipinge kidogo hapo, shingo ya mtu wa safu ya mbele ni shingo pia. Ila naelewa lazima uanzie mahali, na mwenye mpira ndiye anayevutwa akiwa kwenye kasi.

Kitu kinachoniogopesha kwenye marudio ni mkanganyiko, watu wakishaanza kuona tafsiri zinabadilika mechi kwa mechi wanaacha kuamini. Januari 1, 2025 kwenye Peach Bowl ya Texas na Arizona State, ile ya Taaffe wa Texas kumgonga Stovall wa Arizona State, 24-24 dakika za mwisho, walitazama marudio weee wakasema siyo tageting, Texas wakashinda 39-31 kwenye muda wa ziada wa pili. Hapa Dallas wodi nzima tulibishana wiki, manesi wawili hawakusalimiana siku mbili, na kila mmoja alikuwa na video ile ile mkononi.

MtuWaBukavu

Ile nilitazama na batoto. Mkubwa wangu aliniambia papa, bataangalia hiyo video hata kesho bataona kila mtu yake.

mzaziwaColumbus

Ni kweli dada. Lakini tageting ina vipengele vingi, je alilenga, je aliyegongwa alikuwa hana ulinzi, je ni kwa ncha ya helmeti. Fesimaski ukipunguza mwendo wa video ni maswali mawili, vidole vimeshika? kichwa kimevutwa? Hata mwanangu wa darasa la nne anaweza kuyajibu. Naamini ndiyo kosa jepesi kuliko yote kuliweka kwenye marudio, na ndiyo gumu kuliko yote kwa macho ya uwanjani.

Sasa niseme kitu wakuu. Nilifungua uzi huu nikitaka yadi 5 zirudi vyuoni. Nimekaa na alichosema Kipenga_Zamani kuhusu kichaka toka jana, nimerudia kuisoma ile habari ya yule mtoto wa pili ambaye hakurudi uwanjani. Nimebadilika. Sitaki 5 tena. Nataka 15 ibaki, na lile sharti la ukiwa na mashaka ni kosa libaki pia, kwa sababu mashaka yawe upande wa shingo. Ila mtu wa juu awe na uwezo wa kuokota kibendera kwa mwenye mpira, na kukirusha kama wamekikosa, na kumtoa aliyesokota, vyote vitatu. Kamati ya sheria ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo) inakaa kila mwanzo wa mwaka kabla ya majira ya kuchipua, mapendekezo yanapita kwenye jopo la usimamizi, na makocha wanayo nafasi ya kupeleka maoni. Nitamwandikia kocha wa mwanangu, yeye anajuana na watu wa vyuo hapa. Mimi nitaandika, akipeleka apeleke.

mlinzi_wa_pembeni

Mkubwa ukiandika naomba uongeze na la upande wetu. Mwenye mpira naye anatushika vyuma! Ananyoosha mkono kunisukuma usoni, hiyo kiganja wazi anaruhusiwa, sawa, ila vidole vinafunga kwenye vyuma ananigeuza kichwa kama usukani na watu wanashangilia uwanja mzima wanasema ametoa stifu-amu kali. Ni 15 ile ile kwenye kitabu. Nimeona ikipigwa kibendera mara moja tu maishani.

Kipenga_Zamani

Ni kosa kabisa, na naungama kwamba macho yetu yanakuwa kwenye mkono wa mlinzi kwa mazoea. Vyuo vya juu wana waamuzi wanane uwanjani, wa nane anakaa nyuma ya kwotabeki pamoja na refa mkuu, na bado hiyo inawapita. Angalia kiganja cha mkimbiaji, kikiwa wazi vidole vinaonekana vimetawanyika juu ya helmeti. Vidole visipoonekana, viko ndani.

mlinzi_wa_pembeni

Visipoonekana viko ndani. Hiyo nawapelekea wenzangu mazoezini kesho.

mzaziwaColumbus

Nimeiongeza kwenye barua, aya ya pili. Mwanangu kaisoma, kanikosoa sehemu moja nilipoandika kona nikimaanisha lainibeka, halafu kaomba nimnyooshee kile kidole, bado hakikunji vizuri asubuhi kukiwa na baridi. @dadaMuuguzi ni kawaida baada ya miezi mitano au nimpeleke?

dadaMuuguzi

Mpeleke wakapige eksirei kaka, miezi mitano ni mingi. Wiki hii, usisubiri mazoezi yaanze.